Nyumba ya mafungo ya walei kijijini (Muheza): tumeanza vibaya, naomba ushauri

MamaMinazi | Jumapili, saa 3:10 usiku

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi msio wa kwetu, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, miaka 63. Naishi Tanga mjini, ila mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia shamba la ekari sita kijijini kwao, kandokando ya barabara ya Muheza kwenda Pangani. Minazi mingi imezeeka, michungwa kama themanini bado inazaa, na kuna nyumba ya vyumba vinne ya matofali ya kuchoma niliyoibadilishia bati mwaka juzi.

Tuko watano, wanawake watatu na wanaume wawili, wote wa Jumuiya Ndogo Ndogo moja ya Kikatoliki. Kwa miaka kadhaa tumekuwa na wazo ambalo halituachi: nyumba ya mafungo ya walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa. Mwalimu aliyechoka, mama wa sokoni, mjane kama mimi, aje alale siku mbili tatu, anyamaze, asali, ale vizuri, arudi kwake. Vituo vya watawa vipo na ni vizuri, lakini vingi vimezoea makundi na semina. Ukifika peke yako na kimfuko chako, unaangaliwa kama uliyekimbia ndoa. Na watatu kati yetu tungependa kuhamia kabisa, tusali masifu asubuhi na jioni, tulime, tupokee wageni.

Sasa niwaeleze tulivyoanza. Mcheke kwanza, halafu mnisaidie.

Kwaresima iliyopita tulifanya mafungo ya majaribio. Watu 11, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, kila mmoja amechanga 20,000. Kanuni ilikuwa moja tu: kimya kuanzia Ijumaa saa tatu usiku. Kimya kabisa, simu zote ndani ya ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda changu.

Jumamosi alfajiri watu wakatawanyika chini ya minazi, huyu na rozari, yule na Biblia. Nilichosahau ni kwamba katikati ya shamba inapita njia ya mguu ya kwenda kisimani. Watu wakapita, wakasalimia kama kawaida. Wetu wakainamisha kichwa. Bibi mmoja mwenye ndoo akamwambia dada yetu, "Hujambo, mwanangu." Kimya. Akarudia. Kimya. Mtoto akampa shikamoo mzee wetu wa miaka sabini, mzee akafumba macho! Nyie mliolelewa Pwani mnajua hilo ni jambo la namna gani. Mtu akikunyima pesa utamsamehe, akikunyima salamu je?

Kufika saa nne habari iko barabarani: kwa mke wa marehemu kuna watu hawasemi. Wakamuuliza kijana wa bodaboda aliyetuletea maji, hao wanafanya nini? Kijana alilijua neno moja tu, akalitoa: "Wako kwenye mafungo."

Basi. Hawasemi, wamejichimbia shambani, na wamefunga. Shakahola ya Kenya ni juzi tu, mwaka 2023, miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge wamwone Yesu. Kutoka kwetu Kilifi si mbali, ukishavuka mpaka pale Horohoro ni pwani ile ile. Kijiji kilikuwa na haki ya kuogopa.

Saa nane mchana akaja mwenyekiti wa kitongoji, mgambo wawili, na yule bibi wa ndoo kama shahidi. Mwenyekiti hakunisalimia. Akauliza, "Mmefunga tangu lini?"

Nikajibu, "Hatujafunga, mwenyekiti, tuko kwenye mafungo." Nilijisikia mwenyewe lilivyotoka.

Akanipita akaingia jikoni. Akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Wali. Maharage ya nazi. Kisamvu. Akachukua upawa, akaonja maharage, akanigeukia: "Chumvi hamna humu." Hapo nikajua hatulali lokapu.

Lakini anataka barua ya kanisa na barua ya serikali ya kijiji kabla hatujarudia. Na paroko, ambaye kwa kosa langu mwenyewe sikumwambia chochote kabla, amesema, "Leteni katiba ndipo tuzungumze."

Naomba mnisaidie: tuanzie wapi? Katiba inaandikwaje ya watu watano? Na shamba niliandikishe kwa jina la nani, maana nataka nilitoe kwa kazi hii moja kwa moja.

---

FundiKorogwe | Jumapili, saa 3:48 usiku

Mama, umetaja kimya, rozari, maharage. Choo hujakitaja. Watu 11 siku mbili choo kimoja cha shimo? Maji mmenunua kwa bodaboda, kwa hiyo kisima kina chumvi au kiko mbali. Kabla ya katiba weka mifereji kwenye hilo bati jipya na tangi kubwa. Vyoo viwili zaidi, mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Nimejengea taasisi tatu za dini, zote zilinunua kengele kabla ya kuchimba choo.

---

Ndugu_Wakili | Jumapili, saa 4:20 usiku

Shikamoo mama. Pole na hongera.

Neno lililonishtua ni "aliniachia". Aliacha wosia? Mirathi ilifunguliwa? Kama haikufunguliwa, kwa sheria bado hujawa na shamba la kutoa. Ni mali ya marehemu, na watoto wana haki zao ndani yake. Ikae familia kwanza, uandikwe muhtasari wa kikao unaompendekeza msimamizi, uende mahakamani na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani. Msimamizi si mrithi, wengi hapo ndipo wanapogombana.

Likishakuwa lako, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Shamba lililo ndani ya ardhi ya kijiji linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na unaweza kuomba hatimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Majirani wataonyesha mipaka. Na hiyo njia ya kisimani usithubutu kuifunga, hata ukipewa hati yenye muhuri wa dhahabu.

Kikundi chenu kama kikundi hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake mpaka kiwe na wadhamini waliosajiliwa, na hiyo ni kazi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Majimbo mengi yana wadhamini wake tayari. Ila usikimbilie huko. Watu watano mliokula maharage pamoja mara moja hamhitaji bodi ya wadhamini.

---

MzeeWaSoni | Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Milele amina, dada yangu. Nimesoma usiku nikaona nisijibu na usingizi.

Niko Soni, Lushoto. Nakuandikia kama mtu aliyeungua, si kama mtaalamu.

Sisi tulikuwa saba. Kijiji sikitaji kwa sababu wengine wapo hai na tunakutana misani. Tulikuwa na vyote ambavyo ninyi hamna: maji ya mserereko, baridi ya kumtuliza mtu, padre rafiki aliyepanda kila mwezi kutuadhimishia Misa. Tulidumu miaka minne. Watu wakiniuliza tulikufa kwa nini, huwa nasema mkaa. Wanadhani ni utani.

Wawili wetu walikuwa na pensheni, mmoja alikuwa na duka, wanne hatukuwa na kitu. Tukasema tutaishi kama Matendo ya Mitume, vyote shirika. Nani ananunua mkaa, hatukuandika. Milimani huku mkaa haukai, mtu anaota moto toka Mei hadi Agosti. Mwezi wa nane yule wa duka akaanza kuandika kwenye daftari lake, kimya kimya, kila gunia alilonunua na tarehe yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, mkono wake umezoea kuandika. Siku daftari lilipoonekana mezani, kati ya chupa ya chai na kitabu cha masifu, hakuna aliyesema neno. Tuliendelea kusali pamoja miaka mitatu zaidi, lakini jumuiya ilifia pale mezani.

Jambo la pili, kiongozi wetu alianza kuota ndoto. Mwanzoni zilikuwa ndoto nzuri, za kumtia mtu moyo. Baadaye zikaanza kutoa amri: fulani asiolewe na fulani, fulani aache kazi. Hatukuwa na muda wa uongozi, hatukuwa na mtu wa nje wa kumwendea. Nani atabishana na ndoto? Mwenyekiti wako aliyefunua sufuria, dada, mshukuru. Sisi hatukuwa na mtu wa kutufunulia sufuria.

La tatu ni shamba. Lilikuwa la mwenzetu mmoja, mtu mkarimu kama wewe. Alipofariki, watoto wake walingoja arobaini ipite, wakaja kwa heshima zote na soda, wakatupa wiki mbili. Palipokuwa na kikanisa chetu cha mbao sasa pana kabichi. Ni kabichi nzuri, nimeshazinunua.

Kwa hiyo usilitoe shamba. Liazime. Andikiana na wenzako na watoto wako wakiwepo: nyumba na ekari moja, miaka mitano, kwa mafungo tu, machungwa ni ya familia. Miaka mitano ikiisha mtajua kama Mungu alikuwa anasema nanyi au ilikuwa ni uchovu wa kustaafu. Mimi ilikuwa nusu kwa nusu.

Na msihamie. Kila mtu alale kwake, mkutane shambani wikiendi moja kila mwezi, mwaka mzima bila kukosa hata moja. Mvua za masika ndizo zitakazowachuja. Sisi tulihamia wiki ya tatu, tukaanza kujuana wakati tayari tumeuza vitanda vya nyumbani.

Kuhusu kimya, niongeze kitu cha huku kwetu. Watrapisti, watawa wa Mariannhill, Afrika Kusini, walifika Gare mwaka 1897. Hao ndio mabingwa wa kutosema, kanuni yao ni sala, kazi za mikono na ukimya. Lakini ukiwa na misheni lazima ufundishe shule, umtembelee mgonjwa, ujibu salamu za Wasambaa ambazo, kama mnavyojua, haziishi leo. Hawakudumu Gare, misheni ikachukuliwa na mapadre wa Roho Mtakatifu. Na huko Mariannhill kwenyewe mambo yakawa hayo hayo mpaka mwaka 1909 wakatenganishwa na Watrapisti, wakawa shirika la kimisionari. Kama kimya kiliwasumbua watawa wa nadhiri, ninyi wa wikiendi msikifanye sheria ya chuma. Salamu si maongezi. Mtu aitikie marahaba, aendelee na rozari yake.

---

MwanaPangani | Jumatatu, saa 6:15 mchana

Assalaam aleikum wote. Mimi ni Muislamu, napita tu, lakini hii ya sufuria imenifurahisha nikaona nichangie.

Mama, kosa lenu liko kwenye neno. Mafungo, kwa sikio la mtu wa kijijini, ni kufunga. Mngesema itikafu, kila mtu angeelewa. Kumi la mwisho la Ramadhani kuna wazee huingia msikitini wakakaa humo siku zote kumi, wanalala humo, wanasoma, maneno machache, hawatoki ila kwa haja. Familia inawapelekea futari. Hakuna anayemwita mgambo, kwa sababu kijiji kinajua nani yumo, ameingia lini na atatoka lini.

Nendeni kwa mwenyekiti na kwa imamu kabla, si baada. Waambieni: kuanzia Ijumaa hii hadi Jumapili hii watakuwepo watu kumi na moja, wanatoka mtaa fulani, wanafanya kitu kama itikafu, wanakula mara tatu kwa siku, na mwenye shaka apite jikoni saa yoyote. Hilo la jikoni msilitoe, ndilo litakalowalinda.

Na yule bibi wa ndoo mmemwomba radhi? Hujasema. Mwenyekiti mmemlisha maharage, bibi je?

---

KatekistaKigango | Jumatatu, saa 2:05 usiku

Tumsifu Yesu Kristo. Nipo Handeni, ukatekista nimeufanya miaka 22. Nijibu la katiba na la paroko, mengine wenzangu wameshasema.

Kwanza msimwogope paroko. Hajawakataa, kasema leteni karatasi. Sheria ya Kanisa iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Kanuni ya 215 inawapa waamini wote, walei wakiwemo, haki ya kuanzisha vyama vya uchaji na matendo ya huruma. Kanuni ya 299 inasema waamini wanaweza kupatana wao kwa wao wakaunda chama. Mnachozuiwa bila ruhusa ya mamlaka ya Kanisa ni kujiita "cha Kikatoliki", hiyo ni kanuni ya 300. Kwa hiyo msianze na bango barabarani lililoandikwa KITUO CHA KIKATOLIKI CHA MAFUNGO. Andikeni NYUMBA YA SALA, au msiandike kitu kabisa, yule wa bodaboda atawaelekeza wageni.

Kama baadaye mnataka chama chenu kitambuliwe, katiba yenu itakwenda kwa askofu aipitie. Hata hiyo isiwe ndefu. Nimewahi kusoma katiba ya kwaya yenye kurasa 31, kwaya yenyewe ina sauti tatu. Ninyi ukurasa mmoja na nusu unatosha: sisi ni nani, tunafanya nini, nani anaongoza na kwa miaka mingapi (isizidi mitatu), fedha zinawekwa wapi na nani wawili wanasaini, mtu anaingiaje, anatokaje, na tukivunjika vitu vinakwenda kwa nani. Hilo la mwisho watu hawapendi kuliandika, wanaona kama uchuro. Ndilo paroko atakalolisoma kwanza. Na mkaa wa Mzee wa Soni muuandike kwa jina lake: mkaa.

Misa na Ekaristi. Kuadhimisha Misa kwenye kikanisa cha binafsi kunahitaji ruhusa ya askofu, na kuhifadhi Ekaristi ni hatua nyingine kubwa zaidi. Kanuni ya 934 inataka awepo daima mtu wa kuitunza, na kadiri inavyowezekana padre aadhimishe Misa hapo walau mara mbili kwa mwezi. Nyumba ambayo Jumatatu hadi Alhamisi ina popo peke yao haina haki ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Jumapili nendeni kigangoni, kanisa dogo la kijijini, mkasali na watu. Mkianza kufanya ibada yenu shambani saa ile ile ya kigango, mtakuwa mmewanyang'anya wale waamini wachache mwimbishaji na sadaka, na hapo utasikia kelele.

---

MwalimuMstaafu_Chumbageni | Jumatatu, saa 3:30 usiku

Naomba niongeze mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unafanana na huu wa mama kuliko unavyoonekana.

Ufaransa kuna kijiji kinaitwa Châteauneuf-de-Galaure, mkoa wa Drôme. Hapo aliishi Marthe Robin, binti wa wakulima, aliyezaliwa mwaka 1902 na kupooza akiwa bado kijana. Maisha yake karibu yote yalikuwa kitandani, ndani ya chumba chenye giza katika nyumba ya shambani ya wazazi wake. Mwaka 1936 padre Georges Finet alifika kumwona, na Septemba ya mwaka ule wakafanya mafungo ya kwanza. Mafungo yao ni ya siku tano za ukimya, na nyumba inaendeshwa na walei wanaoishi pamoja na padre. Leo nyumba za namna hiyo, Foyers de Charité, ziko nchi nyingi, Afrika ikiwemo.

Ila watu wakisimulia hupenda kuanzia 1936. Mimi naanzia 1934. Kabla ya mafungo yoyote, walifungua shule ndogo ya wasichana pale kijijini, kwenye kasri kuukuu. Kijiji kilikuwa na sababu ya kuwajua. Mama ni muuguzi. Asubuhi moja kwa mwezi ukikaa chini ya mwembe ukapima watu presha, hakuna atakayeuliza tena mmefunga tangu lini.

Na mfano huo una upande wa pili, sitauficha. Mwaka 2020 Foyers wenyewe walitangaza matokeo ya tume iliyomchunguza padre Finet, aliyekwisha kufariki, na yalieleza vitendo vyake viovu kwa wasichana wadogo wakati wa kuwaungamisha. Nyumba ya kimya, watu waliokuja na majeraha, kiongozi anayeheshimiwa kupita kiasi: panahitaji macho. Wekeni sheria kwamba hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto chumbani peke yake, padre, katekista, hata mama mwenyewe. Maungamo na mashauri yafanyike mahali panapoonekana, kwenye baraza, chini ya mti, sauti isisikike ila watu waonekane. Na jina na namba ya mtu wa kumlalamikia, asiye mmoja wenu watano, ibandikwe mlangoni pa choo ambapo kila mtu atasoma.

---

FundiKorogwe | Jumatatu, saa 3:41 usiku

Angalau mwalimu kakumbuka choo.

---

MamaMinazi | Jumamosi, saa 1:20 usiku

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Mungu awabariki. Ndugu Wakili, marahaba mwanangu, umeniharibia usingizi.

Mirathi haikufunguliwa. Ndiyo ukweli wenyewe. Miaka sita sasa, kila Krismasi tunasema tutakaa, tunakula pilau tunatawanyika. Nilipowapigia watoto, yule mkubwa aliyeko Dodoma alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mama, kwani ulikuwa unataka kulitoa lote?" Sauti yake haikuwa ya tamaa. Aliniambia ule mchungwa wa pembeni ya kisima aliupanda na baba yake alipokuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa zamu za usiku miaka hiyo, sikujua. Nimeona aibu, maana nilikuwa nawaombea watu baki wapate pa kupumzikia na mwanangu hana habari kwamba pake panatolewa. Tumepanga kikao cha familia mwezi ujao, safari hii muhtasari utaandikwa kabla ya pilau.

Kwa hiyo nimemfuata Mzee wa Soni: naazima, sitoi. Nyumba na ekari moja, miaka mitano. Wenzangu wawili wamenuna, walikuwa wameshaanza kuulizia bei ya vitanda. Mmoja amesema hatuna imani. Nikamwuliza ni nani atanunua mkaa, akasema Mungu atatoa. Nimeandika jina lake kwenye safu ya mkaa, mwezi wa kwanza.

Alhamisi nilipanda gari asubuhi nikaenda kijijini peke yangu. Nilianza kwa yule bibi wa ndoo. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwomba radhi kwa salamu zilizolala. Hakunijibu upesi, aliendelea kusuka. Halafu akasema, "Mimi sikukasirika, niliogopa. Nilidhani yule binti amekatazwa kunijibu." Nikamwambia kweli alikatazwa, na aliyemkataza ni mimi. Akaniangalia vizuri, akasema, "Basi na wewe usikataze tena." Nimeiandika kwenye katiba kifungu cha pili, kabla hata ya uongozi: mtu akisalimiwa huitikia.

Kutoka hapo nikaenda kwa imamu, nikalitumia neno la MwanaPangani. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akauliza, "Itikafu na maharage ya nazi?" Lakini ameelewa, na amesema atawaambia watu baada ya swala ya Ijumaa. Mwenyekiti ameridhika na barua ya paroko, nitaipata nikipeleka katiba. Ukurasa mmoja na nusu, katekista, nimehesabu. Mtendaji ameniambia nifike na msimamizi wa mirathi akishateuliwa, si kabla.

Habari ya presha nimeshaianza bila kutaka. Nilikuwa na kipimo kwenye mkoba, mke wa mwenyekiti akaniomba nimpime, nikageuka nikakuta foleni ya watu tisa. Wawili wamepanda vibaya sana, nimewaandikia waende hospitali Muheza.

Nilipokuwa nangojea gari barabarani, mwenyekiti alikuja kusimama karibu yangu. Akauliza mafungo mengine lini. Nikamwambia Majilio, kabla ya Krismasi, Mungu akipenda, na watu hawatazidi nane. Akasema mke wake anaweza kuja kupika, kwa malipo ya haki, maana sisi wa mjini nazi tunaichuja mara moja halafu tunashangaa mchuzi mwepesi. Nimekubali. Nimemwomba Jumamosi mchana atupikie bada na samaki.

Fundi, nitafute faraghani, niambie mifereji ya bati la mita kumi na mbili ni shilingi ngapi pamoja na tangi. Vyoo tutachimba viwili, ila nielekeze vizuri, huo mteremko wa chini ndiko alikopanda mchungwa mwanangu.